Kamba Iliyolegea

Mchora vibonzo akitaka kuonyesha mtu aliyetawaliwa na mwenziwe, humvika mkanda wa shingoni na kumtia kamba, na kamba hiyo karibu kila mara huichora ikiwa imekazika. Mimi nafundisha mbwa, na kila nionapo mchoro wa namna hiyo huona kwamba aliyeishika kamba ile amekwisha kushindwa. Kwa wenye kazi hii, kamba iliyokazika ni dalili kwamba mtu na mbwa wake hawasikilizani tena. Mwenye kumwongoza mbwa kweli utamtambua kwa kamba inayoning'inia kati yao, imejipinda kama kamba ya bembea isiyo na mtu.

Mbwa akivutwa, mwili wake hujibu kwa kuvutia upande wa pili, na kosa letu ni kuliita jambo hilo ukaidi. Mwaka 1917 Ivan Pavlov, mwanasayansi Mrusi aliyechunguza tabia za mbwa, alieleza habari za mbwa mmoja ambaye hakuweza kutulia alipofungwa mikanda katika maabara, ingawa hakuna aliyemuumiza. Hali hiyo akaiita refleksi ya uhuru, yaani mwitikio wa mwili unaojitokeza wenyewe. Kilichomtuliza mbwa yule hatimaye ni kulishwa palepale alipofungwa, wala si kukazwa zaidi. Shingo nayo ina gharama yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa anayevuta akiwa amefungwa shingoni hupandwa na shinikizo ndani ya macho, jambo ambalo halikutokea alipovalishwa mkanda wa kifuani.

Mama mmoja aliniletea mbwa aliyekuwa akiwabwekea wenzake wote njiani. Nilimwomba atembee naye kama kawaida, nami nikawa natazama mkono wake. Mbwa mwingine alipochomoza mbali, mama alizungusha kamba kiganjani mara mbili, kiwiko kikakakamaa, pumzi ikakatika. Mbwa wake alikuwa bado ananusa majani. Akainua kichwa baada ya kamba kukaza, akatafuta la kuogopa, akalipata. Kamba ilikuwa imemfikishia hofu ya mwenye kuishika, na kwa hakika hicho ndicho inachofanya siku zote: haina uwezo wa kubeba amri, lakini hubeba mtetemo wa mkono bila kupoteza chochote.

Huko Saudi Arabia, katika miamba ya Shuwaymis na Jubbah, iko michoro ya kale sana ya wawindaji na mbwa wao, inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 8,000 au zaidi. Baadhi ya mbwa wameunganishwa na mwindaji kwa mstari unaotoka shingoni mwao hadi kiunoni mwake. Watafiti walioichapisha michoro hiyo mwaka 2017 waliona kwamba huenda hizo ni kamba, ingawa yawezekana pia kuwa ni ishara tu ya uhusiano. Kinachonigusa ni kiuno. Mikono ya mwindaji imeshika upinde, na aliyejifunga mbwa kiunoni hawezi kumvuta kwa ghadhabu. Hana budi kwenda naye.

Kiswahili nacho kililijua jambo hili. Tunasema mtu ameshika hatamu, yaani ametwaa uongozi, na kitenzi tunachotumia ni kushika. Kwa wanaokokotana tuna neno jingine kabisa, vutanikuvute, na hapo kila msikilizaji anaelewa kwamba hakuna anayeongoza.

Sisemi kamba iachwe. Barabarani penye magari, kamba ndiyo inayomrudisha mbwa nyumbani akiwa hai, na siku ya dharura itakaza na ni haki yake kukaza.

Yule mama nilimfundisha kuingiza kidole gumba kwenye kitanzi, kuutuliza mkono tumboni na kutoa pumzi kila amwonapo mbwa mwingine. Katika mzunguko wa tatu mbwa mgeni alipita upande wa pili wa njia. Wake alimtazama, kisha akageuza shingo kumtazama mama, na kamba ikashuka hadi ikagusa nyasi.