Bati kushika kutu si ushahidi kwamba ni bandia
Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya mtandaoni hudai kwamba bati halisi halishiki kutu kamwe. Si kweli. Bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki, na chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Chumvi ya hewa ya bahari huharakisha jambo hilo, ndiyo maana paa la Tanga huchakaa mapema kuliko la Dodoma.

Zinki humenyuka kwa wepesi kuliko chuma, hivyo huliwa kwanza na kukilinda hata palipokwaruzwa, mpaka yenyewe iishe. Natriamu, metali nyingine, humenyuka kwa wepesi zaidi: ikikatwa, uso wake unaong'aa hufifia mbele ya macho. Wengi huchanganywa na alumini, ambayo hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaozuia isiendelee kuliwa, wakadhani kila bati liwe hivyo.

Tumbukiza msumari wa kawaida kwenye maji ya chumvi, na mwingine uweke mkavu ndani ya chupa iliyofungwa. Baada ya siku chache, wa kwanza utakuwa na madoa ya rangi ya kahawia. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, kwani huwachafulia jina wauzaji waaminifu. La kuuliza dukani ni unene wa zinki.