Daktari wa figo sio wa mashine tu

Hapa Tanga ukitaja daktari wa figo watu akili inaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusafisha damu, anaona ukishaandikiwa kwenda kwake basi ndo mwisho. Kwakweli kazi yetu kubwa inatakiwa ifanyike miaka kadhaa kabla ya hiyo mashine.

Figo zinaumwa kimyakimya. Mtu anaweza akapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo na bado anabeba mizigo yake Ngamiani, anakula, anacheka. Kwahiyo mwenye presha au sukari, hata kama haumwi popote, mimi naanza na mkojo. Kile kikaratasi cha kupimia ukikichovya, kisehemu cha protini ni cha njano, kikianza kugeuka kijani inabidi nianze kuuliza maswali. Alafu tunapima kreatinini kwenye damu, ile taka ambayo figo inatakiwa kuichuja, tunapiga hesabu na umri na jinsia, inatoka namba ya uwezo wa figo kuchuja: ikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 huo ni ugonjwa sugu wa figo, chini ya 15 figo zimefeli.

Na hiyo hesabu yenyewe imeshatuletea ubishi mkubwa kwenye utafiti, maana kanuni iliyotengenezwa Marekani 2009 ilikua inamuongezea mtu mweusi karibu asilimia 16 kisa rangi yake, yaani kwenye karatasi figo zake zinaonekana nzima kuliko zilivyo. Kanuni ya 2021 haiangalii rangi, na mimi nasema ilichelewa.

Kuna utafiti mwingine ambao watu wa Tanga inabidi tuusikilize. Nicaragua na El Salvador vijana wakata miwa, hawana presha wala sukari, figo zao zinakufa, na moja ya sababu zinazoshukiwa sana ni kazi nzito kwenye joto kali na kukosa maji. Sasa sisi tuna mashamba ya mkonge na jua letu hili mnalijua. Akija mkata mkonge namuuliza anaanza kazi saa ngapi, maji anakunywa kiasi gani, na jioni mgongo ukiuma anameza nini, mara nyingi jibu ni diklo (diclofenac, dawa ya maumivu) ya duka la dawa. Hiyo dawa inapunguza damu inayoingia kwenye figo, na ukiimeza mwili umekauka maji ndo unaziumiza zaidi. Kichocho nacho tusikisahau, mtoto akikojoa damu apelekwe hospitali, mayai ya yule mdudu yanaacha makovu kwenye mirija ya mkojo, mkojo unarudi nyuma figo inavimba.

Kuhusu kupandikiza figo, siku hizi sio lazima India, Muhimbili walianza 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma 2018, ila dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya unameza kila siku.

Na hata mashine inahitaji maandalizi jamani. Ni mara 3 kwa wiki, kama masaa 4 kila mara, na njia nzuri ni kuunganisha mshipa wa ateri (unaotoa damu kwenye moyo) na wa vena (unaoirudisha) mkononi mapema, maana unachukua wiki kadhaa hadi miezi kukomaa, anayekuja amechelewa anawekewa mpira shingoni na huo unaleta maambukizi kirahisi. Ukiwa tayari ukigusa ngozi unasikia unatetemeka chini ya kidole, mgonjwa aukague hivyo kila asubuhi, ukinyamaza aje siku hiyohiyo, na mkono huo asikubali upimwe presha wala kutolewa damu ya vipimo.