Partisyo si fomati

Juzi pale Birere, Goma, fundi alikuwa anasimika mfumo endeshi wa Linux kwenye kompyuta ya mteja, programu ikaplanta, yaani ikakwama, ilipofika hatua ya partisyo. Akamwambia mteja diski imekufa, ila aifomati kwanza waone. Nilinyamaza, maana kompyuta haikuwa yangu. Lakini nimechoka kuisikia hiyo.

Partisyo ni sehemu ya diski yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ambayo mfumo endeshi unaichukulia kama diski ya peke yake. Basi.

Neno limetufikia kwa Kifaransa, na mzizi wake ni wa Kilatini: kugawa. Wanakwaya wanalijua kwa maana nyingine, karatasi ya noti, ambamo kila sauti ina mstari wake. Napenda maana hiyo kuliko ya mafundi, kwa sababu karatasi ya noti haiimbi. Inaonyesha tu nani anaingilia wapi. Kiswahili kina kizigeu, ila kizigeu ni pazia au ukuta unaokata chumba, na ndani ya diski hakuna ukuta wowote. Kuna maandishi tu.

Na maandishi yenyewe ni kidogo ajabu. Kwa MBR, mtindo wa zamani wa kuandika mipaka hiyo, uliokuja na mfumo wa DOS mwaka 1983, sekta ya kwanza ina baiti 512, na 64 tu kati yake ndizo zinazoeleza sehemu nne, baiti 16 kwa kila moja. GPT, mtindo mpya zaidi, kwa kawaida ina nafasi 128 za sehemu, tena inaweka nakala mwishoni mwa diski. Jedwali hilo la partisyo ni kitabu cha kadastri, rejista ya parseli, yaani viwanja. Lava ya Januari 2002 ilizika nyumba hapa mjini, makaratasi ya parseli yakabaki mikononi mwa watu. Kwenye diski huwa kinyume, ukurasa unaweza kuchanika na nyumba ikabaki imesimama na vyombo vyake vyote.

Kufomati ni kujenga: unaweka mfumo wa faili, kama ext4 au NTFS, ndani ya parseli iliyokwisha kupimwa. Aliye na mgogoro wa mipaka hajengi kwanza.

Programu ya usimikaji ikiplanta hapo, mara nyingi kitabu ndicho kinachojipinga. Diski ilikuwa GPT, mtu akaigeuza MBR kwa zana ya zamani, nakala ya mwishoni ikasahaulika. Sasa kuna vitabu viwili na havipatani. Au mfumo uliowashwa kwa flashi umeikuta swap ya zamani, sehemu ya diski inayosaidia RAM, ukaanza kuitumia, na kerneli, kiini cha mfumo, inakataa kusoma upya jedwali la diski iliyo kazini. Hapo dawa ni swapoff, amri ya neno moja na alama ya -a. Kwa vitabu visivyopatana kuna amri nyingine: ukiandika wipefs na jina la diski, bila alama yoyote, utaonyeshwa mabaki ya majedwali na mifumo ya faili yaliyopo bila kufutiwa kitu. Ukiongeza -a, yamefutika, kwa hiyo vidole taratibu.

Diski hufa kweli, sikatai. Ila ikifa, logi, daftari la matukio ya mfumo, hujaa makosa ya kusoma na kuandika, na yule fundi logi hakuifungua.

Kwa hiyo kaka, siku nyingine mwambie mteja hivi: "Jedwali la partisyo lina kasoro, ngoja nisome logi." Atasubiri. Picha zake ziko humo.