Wazazi wa marehemu mtu mzima nao ni wafiwa

Katika msiba wa mtu wa miaka thelathini au arobaini, macho ya watu huenda kwa mjane na watoto. Hapa Dodoma ndivyo ilivyo katika mitaa ya Nkuhungu na Chang'ombe, ndivyo ilivyo katika wilaya za Bahi na Mpwapwa. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi marehemu inakabidhi rambirambi kwa mke wake, mchungaji au shehe anawaombea watoto, kamati ya mazishi inasikilizana na baba wakubwa na wajomba. Yote hayo ni haki yao. Lakini mama aliyemzaa yuko ndani kwenye mkeka, baba yake amekaa chini ya turubai anapokea mikono ya watu, na wengi wanaowapa pole wanarudia maneno yale yale: "Jikazeni, wazee wetu. Shukuruni Mungu, amewaachia wajukuu."

Sisi maafisa ustawi wa jamii hukutana na wazazi hawa miezi mingi baadaye, na mara nyingi hawaji kwa ajili ya msiba. Mmoja anakuja kuulizia msaada wa mahitaji ya shule ya mjukuu. Mwingine ameletwa na presha isiyoshuka. Wakati mwingine anakuja mtoto aliyebaki, analalamika kwamba mzee siku hizi haongei, anakaa tu. Ukiwauliza taratibu, bila haraka, mazungumzo yanaishia makaburini.

Nianze na jambo ambalo wazazi wengi wanaona aibu kulisema. Kwetu mtoto aliye mtu mzima ni tegemeo. Ndiye aliyekuwa akituma hela ya trekta mwezi wa kumi na moja kabla mvua haijaanza, ndiye aliyelipia bati, ndiye aliyemsomesha mdogo wake, ndiye aliyenunua dawa za baba kila mwisho wa mwezi. Anapofariki, mama anapoteza mtoto na kwa siku hiyo hiyo nyumba inapoteza nguzo. Basi mama analia, na ndani ya kilio chake anawaza uwele utalimwa na nani mwaka huu, kisha anajichukia kwa kuwaza hivyo. "Wataniona nalilia hela." Mama yangu, hulilii hela. Kila alichokutumia kilikuwa namna yake ya kukukumbuka, na kimekatika pamoja naye. Lisemwe wazi, maana lisiposemwa halipati msaada.

Ndiyo maana nashauri kikao cha familia baada ya arobaini, tofauti na kile cha mirathi. Hapo ndugu waulizane marehemu alikuwa anafanya nini katika nyumba hii, na sasa nani atafanya. Msiishie kwenye fedha. Nani alikuwa akimpigia mama simu Jumapili jioni? Nani alikuwa akimpeleka baba kliniki? Nani alikuwa akiwapatanisha wadogo wakigombana? Mtaona marehemu alikuwa amebeba mambo ambayo hamkuyajua. Yagawaneni. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumtwisha yote anayefuata kwa kuzaliwa, tena siku ile ile ya mazishi: "Sasa wewe ndiye mkubwa, usilie." Huyo naye amefiwa na kaka au dada aliyekula naye sahani moja. Akinyimwa nafasi ya kulia, mwaka wa pili mtamwona kwenye pombe au mtasikia amehama bila kuaga.

Watu huuliza huzuni hii huisha lini. Mwaka 2008, watafiti wa Marekani waliokuwa wakifuatilia kundi kubwa la watu waliomaliza shule Wisconsin walichapisha matokeo kuhusu wazazi waliofiwa na watoto. Kwa wastani miaka 18 ilikuwa imepita tangu kifo, na bado wazazi hao walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuliko wenzao ambao hawakufiwa. Walioona maisha yao bado yana kusudi walikuwa na nafuu zaidi. Kwa hiyo jirani anayemwambia mzazi "Bado tu?" baada ya mwaka mmoja anamwonea. Huzuni hupoa, halafu hurudi kwa msimu: Desemba watoto wa wenzake wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, Januari ya mahitaji ya shule, siku ya harusi ya mdogo wa marehemu. Ikirudi haina maana kwamba mzazi ameanza upya au imani yake ni haba.

Sasa jina la marehemu. Wanawake wengi wa mitaa yetu wanaitwa kwa mtoto wao wa kwanza, Mama Fulani, kwa miaka zaidi ya thelathini. Mtoto huyo akifa, majirani wanasita. Wengine wanaanza kumwita "mama" tu, wengine wanahamia jina la mtoto wa pili, na wote wanadhani wanamwepusha na uchungu. Matokeo yake ni kwamba jina ambalo lilikuwa likitajwa dukani, kisimani na kanisani kila siku linakoma kusikika, na yeye mwenyewe anabaki hajui aitikie nini. Ushauri wangu ni mwepesi: muulize. "Mama, tuendelee kukuita vile vile?" Wengi watasema ndiyo. Yupo atakayeomba asubiriwe kidogo, naye asikilizwe. Na ukikutana naye njiani, usiogope kumtaja. Ukimwambia, "Jana nimemkumbuka mwanao, ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki," pengine machozi yatamtoka. Hujamjeruhi. Alikuwa akimuwaza hata kabla hujafika.

Baba na mama mara nyingi hawaombolezi kwa namna moja, na hapo ndoa nyingi za wazee hutikisika. Wiki moja baada ya maziko baba yuko shambani kwenye zabibu, anapogolea, hasemi neno. Mama anaona hana uchungu na mwanawe. Baba naye anaona mke wake amekataa kuinuka. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya hali mbili: mara anazama kwenye uchungu wenyewe, mara anageukia kazi na maisha mapya yanayomlazimu. Zote mbili ni maombolezo. Baba anayepogolea zabibu anaomboleza. Kinachohitajika ni kila mmoja kupata kidogo cha upande wa pili: baba apate mtu wa kukaa naye jioni amtaje kijana wake, mama apate sababu ya kutoka nje asubuhi, iwe kikundi cha vikoba, kwaya au bustani ya mchicha.

Kuhusu kumbukumbu, nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu mtoto aliye mtu mzima huwa na maisha ambayo wazazi wake hawakuyaona. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji huu umejaa vijana waliotoka mikoa mingine, na wakifa husafirishwa kuzikwa kwao. Vivyo hivyo vijana wetu wa Chamwino na Kongwa wanafia Dar es Salaam au Mwanza na wanaletwa nyumbani. Mzazi anamzika mtu ambaye chumba chake hajawahi kukiona. Wafanyakazi wenzake, mwenye nyumba, wanakwaya, wachezaji wa timu ya mtaani, kila mmoja ana kipande cha maisha yake. Waombeni wavilete. Siku ya arobaini, ya hitima au ya misa ya kumbukumbu, kabla ya chakula, wapewe nafasi watu wawili watatu wasimulie: alipenda utani gani, alimsaidia nani, kazini alikuwa mtu wa namna gani. Mdogo mmoja ayaandike kwenye daftari. Kwa mzazi, daftari hilo lina thamani kuliko fulana za picha kwa watu mia.

Simu ya marehemu isiuzwe wala isifutwe haraka. Humo mna picha, na zaidi ya picha mna sauti zake alizotuma. Anayejua mambo hayo azihamishie kwenye simu nyingine na kadi ya kuhifadhia mapema, kwa sababu laini isiyotumika hufungwa na simu huharibika. Fedha iliyobaki kwenye simu ni jambo jingine: hiyo ni mali ya mirathi, isitolewe kimyakimya na mtu aliyekuwa anajua namba ya siri.

Nguo nazo. Mila zinatofautiana na sina nia ya kuingilia za mtu yeyote, ila kabla hazijagawanywa, mama na mjane waulizwe kama kuna wanachotaka kubaki nacho. Shati moja tu linatosha. Na kaburi la saruji na marumaru linaweza kusubiri. Familia zimeuza mbuzi wote ili kaburi lipendeze kabla ya mwaka kwisha, watoto wa marehemu wakiwa hawana sare za shule. Waliozika kwa udongo wakaweka msalaba wa mti na kupanda mche, au Waislamu walioweka alama yao ya kawaida wakaendelea kumwombea dua, hawajapungukiwa na upendo.

Kumbukumbu hukatika kabisa pale wakwe na mjane wanapofarakana kwa ajili ya mali, kwa sababu wajukuu nao hukatika. Hapa makaratasi husaidia amani. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ndani ya siku 30 ili cheti kipatikane, kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo imteue. Wazazi nao wasijione waombaji: katika sheria ya Kiislamu, ambayo familia nyingi za Kondoa huifuata, marehemu akiacha watoto, baba yake na mama yake kila mmoja ana sehemu moja kwa sita. Na mjane akija kuolewa tena, watoto wake wanabaki wajukuu wenu. Mpeni baraka, na mlango uwe wazi.

Wajukuu wenyewe waambiwe ukweli kwa maneno yao: baba amekufa, mwili wake hauumwi tena, hatarudi. "Baba amesafiri" humfanya mtoto akae mlangoni kila gari likipita, kisha aone kwamba baba amemtupa. Na kama mjukuu amepewa jina la marehemu, ni heshima nzuri, lakini asilelewe kama marehemu mwenyewe aliyerudi. Aachwe apende anachopenda.

Mwisho ni afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni ya msiba iliyozidi kama ugonjwa unaotibika: mfiwa anamtamani au kumuwaza marehemu kila siku kwa uchungu mkali, kwa miezi sita au zaidi na kupita kile ambacho mila ya watu wake inakitarajia, kiasi cha kushindwa kuendesha maisha. Tazama pia anayekataa kula, anayeacha dawa zake za presha au kisukari, anayeanza kunywa peke yake, anayesema afadhali amfuate mwanawe. Neno hilo la mwisho lisichukuliwe kuwa la kawaida msibani: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua nayo yasiitwe uchungu tu. Tangu mwaka 1990 madaktari, wakianzia Japani, wameeleza hali ambayo mshtuko mkubwa wa hisia hudhoofisha misuli ya moyo ghafla, na wanaopatwa zaidi ni wanawake waliokoma hedhi.

Najua jina la Mirembe linavyotumiwa mitaani kama tusi, na najua wazee wanaokataa msaada kwa hofu ya kuonekana huko. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kutibiwa pale si fedheha. Lakini si lazima uanzie pale. Anza kituo cha afya kilicho karibu au dirisha la ustawi wa jamii katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilielekeza wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, hivyo beba kitambulisho na barua ya mtaa au kijiji. Na anayemsindikiza mzazi amwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba huyu amefiwa na mtoto, na lini, kwa sababu mhudumu akiona kadi ya presha peke yake huenda akaongeza dozi tu na kuita mgonjwa anayefuata.