Kisu Kikivunjika, Tazama Pale Kilipokatikia

Kuna mtindo wa kupima visu vya porini unaovuta watazamaji wengi. Kisu kinagongwa kwa nyundo, kinachokolewa kwenye tofali, kinabanwa na kupindwa hadi kikatike, kisha mpimaji anatangaza kwamba hiki ni kisu kweli na kile ni takataka. Mimi kazi yangu ni kutia visu moto, kuvizimisha (kuvipoza ghafla ili viwe vigumu) na kuvivunja, na kila nikitazama majaribio hayo nina swali moja tu: bamba lile lilikuwa na unene gani? Mara nyingi halisemwi. Asipousema, mpimaji amepima unene wa chuma, si ubora wake.

Hesabu yake ni fupi. Chukua bamba mbili za chuma kilekile, upana uleule, moja ya milimita 3 na nyingine ya milimita 6. Kuipinda ile nene hadi ishindwe kunadai nguvu mara 4, na ukaidi wake, yaani jinsi inavyokataa kupinda, ni mara 8. Ndiyo maana chuma cha hovyo kikiwa kinene kinaweza kumshinda mtu mzima mwenye bomba refu la kuongezea nguvu. Upande wa pili nao una udanganyifu wake. Bamba jembamba hufika nyuzi 90 bila shida, kwa kuwa ngozi yake ya nje haivutwi sana likikunjwa. Kisu cha kuchuna minofu ya samaki kitapinda hivyo na kurudi, na wala si ushujaa.

Kisha kuna ugumu, ambao wauzaji huupenda kwa sababu una namba. Mashine ya Rockwell hukandamiza ncha ya almasi kwenye chuma kwa mzigo wa kilo 150 na kusoma imezama kiasi gani. Visu vingi vya porini huangukia kati ya 56 na 61 kwenye kipimo cha C. Namba hiyo inaonyesha jinsi chuma kinavyokataa kubonyea. Kikipigwa ghafla kitafanya nini, hilo haisemi. Visu viwili vyenye 60 vinaweza kuachana mbali kabisa. Chuma kiitwacho D2, chenye kaboni karibu asilimia 1.5 na kromu karibu 12, kimejaa chembe kubwa za kabidi, yaani muungano mgumu wa kaboni na metali. Chembe hizo ndizo zinazofanya makali yake yadumu, na ndipo ufa nao hupenda kuanzia. 5160, chuma kinachotumika kwenye springi za magari, ina kaboni karibu asilimia 0.6 na chembe za namna hiyo karibu haina. Kwa ugumu uleule, itavumilia vishindo ambavyo D2 haiviwezi, ila utainoa mara nyingi zaidi. Chuma kingine, CPM 3V, hujaribu kupata yote mawili: hutengenezwa kutokana na unga wa chuma, kwa hiyo kabidi zake ni ndogo na zimetawanyika vizuri.

Kipimo cha kishindo chenyewe kimebeba jina la Mfaransa Georges Charpy, tangu 1901. Nyundo nzito inayobembea huachiwa kutoka kimo kinachojulikana, hukata kipande cha chuma njiani, kisha hupanda upande wa pili. Kimo inachopungukiwa huonyesha nishati iliyomezwa na chuma, kwa jouli. Kwa kawaida kipande hukatwa chale katikati, lakini vyuma vya visu mara nyingi hupimwa bila chale kali, kwa kuwa nayo karibu vyote hukatika kirahisi mno hata huwezi kuvitofautisha. Shika hilo, kisha kitazame tena kile kisu chenye menomeno mgongoni na nembo iliyochimbwa ubavuni. Mtengenezaji amekikata chale mwenyewe.

Niseme na jambo ambalo mafundi wenzangu hunibishia hadi waone. Kuzimisha chuma hakukifanyi kiwe kikaidi zaidi kwa kupinda. Bana bamba mbili zinazofanana kwenye jiliwa, moja laini na moja ngumu, zitundikie uzito uleule mdogo nchani: zitashuka sawasawa. Tofauti huja ukizidisha. Ile laini itafika mahali ibaki imepinda. Ile ngumu itaendelea kupinda na kurudi, kupinda na kurudi, na siku ikichoka itakatika bila kukuonya. Vaa miwani ya kinga, na usisimame upande inakoelekea ncha. Kipande kinachoruka hakichagui.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote ni la American Bladesmith Society, chama cha wahunzi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976. Anayetaka daraja la journeyman, lililo chini ya fundi bingwa, hukata kwa pigo moja kamba ya inchi 1 inayoning'inia, hukatakata mbao ya inchi mbili kwa nne hadi ikatike mara mbili, kisha hunyoa nywele za mkono kwa makali yaleyale, na mwisho hukipinda kisu nyuzi 90 kwenye jiliwa. Ni kisu kimoja kwa yote. Ukikilainisha ili kipinde, kitashindwa kunyoa. Ukikigumisha ili kinyoe, kitavunjika kwenye jiliwa. Hapo ndipo ujanja wa kuficha udhaifu mmoja nyuma ya sifa nyingine unapokwisha.

Mimi huanza na makali, kwa sababu porini makali hufa kabla ya bamba. Nakandamiza ubavu wa makali juu ya ufito wa shaba wenye unene wa kama milimita 6, chini ya taa. Yakiwa yamechongwa membamba vya kutosha, utaona mstari mdogo wa mwanga ukivimba pale yanapokaa juu ya shaba, na ukikitembeza kisu, uvimbe unasafiri nacho. Ukipita na makali yakanyooka, vema. Yakibaki yamelala, chuma ni laini mno. Yakimeguka, kirudi motoni kipashwe tena kidogo ili kipungue ugumu. Jaribio hili halina kishindo cha kufurahisha watazamaji, lakini kwangu ndilo linalotoa jibu la haraka zaidi.

Baada ya hapo ndipo napasua kuni zenye vifundo kwa kugonga mgongo wa kisu, na mwishoni kabisa navunja. Kikishakatika, wengi hutupa vipande. Mimi ndipo naanza kusoma. Uso wa mvunjiko wa chuma kilichopikwa vizuri ni wa kijivu, laini, haumetimeti. Hata kwa lensi ni shida kuziona punje zake. Ukiwa na punje zinazong'aa kama sukari, chuma kilipashwa moto kupita kiasi kabla ya kuzimishwa, na punje zikakua. Aina ya chuma haina kosa hapo. Ukikuta sehemu ya uso ni nyeusi, au ina rangi ya samawati au ya manjano, na iliyobaki ni kijivu safi, basi ufa ulikuwepo kabla hujakibana kwenye jiliwa. Ulitokea kwenye kuzimisha, na moto wa kupasha tena ukaupaka rangi. Kisu hicho kilitoka karakana kimeshavunjika nusu.

Angalia pia mahali. Visu vya porini hupenda kukatika pale bamba linapoingia kwenye mpini, hasa ambapo chuma kimepunguzwa upana ghafla na kuacha kona kali ya ndani. Kona hiyo ikichongwa kwa mviringo, hata wa milimita chache tu, mzigo husambaa badala ya kujikusanya sehemu moja. Kwa kuwa mpini huificha, muulize mtengenezaji akuonyeshe picha ya bamba kabla halijavalishwa mpini. Mtu aliyeichonga kona yake vizuri huwa anayo picha hiyo, tena hufurahi kuulizwa.