Faili lililofichwa halijafungwa

"Tumezima utafutaji wa mafaili kwa ajili ya usalama." Wasimamizi wa maabara za kompyuta shuleni huisema kauli hii mara nyingi mno, na wanaoisema wana nia njema. Lakini wanafunzi wananyang'anywa nyenzo ya kujifunzia, na mafaili ya ofisi yanabaki wazi kama yalivyokuwa.

Ruhusa ya faili ni kanuni inayowekwa kwenye faili au folda ikieleza nani anaweza kusoma, kubadili au kufuta. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili ya pamoja, huikagua kila faili linapofunguliwa, awe mtu amelipata kwa kutafuta, kwa kupitia folda moja baada ya nyingine, au kwa kuandika anwani yake nzima kwa mkono.

Kuficha ni kazi nyingine. Katika Windows, ukimalizia jina la folda ya pamoja kwa alama ya dola, folda hiyo haitokei kwenye orodha ya mtandao. Anayelijua jina ataliandika na kuingia, mradi ruhusa zinamkubali. Upo pia mpangilio wa kuziondoa diski machoni pa watumiaji, na maelezo ya Microsoft yenyewe yanasema kwamba hauwazuii kuzifikia kwa programu nyingine. Kuzima kisanduku cha kutafutia kumo katika kundi hilihili: umeng'oa kibao mlangoni, mlango wenyewe hauna kufuli.

Waliounda Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, walitenganisha mambo haya zamani. Kwenye folda, herufi r humruhusu mtu kuorodhesha majina yaliyomo, na herufi x humruhusu kupita ndani hadi kwenye faili analolijua jina. Ukimnyima r ukamwachia x, orodha haioni, lakini akibahatisha jina la faili ambalo lenyewe linasomeka, litafunguka. Na majina ya mafaili ya shule ni rahisi mno kubahatisha: somo, kidato, muhula, mwaka.

Kinachonisikitisha zaidi ni utafutaji kulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Mwanafunzi anatafuta neno "karo", inamjia orodha ya wanaodaiwa, ofisi inashtuka na utafutaji unazimwa siku hiyohiyo. Orodha ile ilikuwa imeachwa wazi kabla hajatafuta chochote. Pengine folda ilipewa kundi la "kila mtu" siku ya kwanza ili mambo yaende haraka. Pengine faili lilihamishwa kutoka folda ya wazi ndani ya diski ileile, nalo likaja na ruhusa zake za zamani. Pengine ruhusa ziliwekwa kwa wanaoifikia folda kupitia mtandao peke yake, mafaili yenyewe yakaachwa, kwa hiyo anayeketi mbele ya seva hakutani na kizuizi. Utafutaji umeonyesha kosa, na kuuzima kunaliacha kosa palepale bila mtu wa kuliona. Tukumbuke pia kwamba haya ni majina ya watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinamtaka anayezitunza taarifa za watu azilinde kwa vitendo.

Mwaka 1975 wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu ambazo kazi yake inazihitaji. Shuleni, hiyo ina maana ya vikundi: walimu, wanafunzi, uhasibu. Vikishapangwa, seva ya Windows inaweza kumwonyesha kila mtu yale tu anayoruhusiwa kuyasoma, na faharasa yake ya utafutaji, yaani orodha inayotumika kutafutia mafaili, huchuja matokeo kwa ruhusa hizohizo. Mwalimu akiandika "Baiolojia" anapata notsi pamoja na alama. Mwanafunzi anapata notsi. Kwa darasa linalogawana kompyuta chache kwa kipindi kimoja, kulipata faili kwa haraka ni muda wa kusoma uliookolewa.

Kwa hiyo, mwalimu wa TEHAMA, ukiulizwa kwenye kikao cha walimu, sema tu kwamba utafutaji umezimwa. Neno usalama liache mpaka umeketi kwenye kompyuta ya maabara kwa akaunti ya mwanafunzi, ukaandika anwani ya folda ya mitihani, na seva ikakukatalia.