Itifaki ya Paris: kodi ya Mpalestina inavyopitia hazina ya Israeli

Tangu Novemba 2021, walimu na wauguzi wa serikali katika Ukingo wa Magharibi wamekuwa wakilipwa sehemu tu ya mshahara. Wengi hudhani chanzo ni ubadhirifu wa viongozi wa Mamlaka ya Palestina, serikali ya Wapalestina yenye makao Ramallah. Ubadhirifu upo, sikatai, lakini hauelezi kwa nini mwezi mmoja hazina ina fedha na mwezi unaofuata haina. Jibu limo ndani ya mkataba uliosainiwa tarehe 29 Aprili 1994, Itifaki ya Paris, uliowekwa uwe wa mpito wa miaka mitano. Hadi leo ndio unaotumika.

Mkataba huo uliiweka Israeli na maeneo ya Wapalestina ndani ya mpaka mmoja wa forodha. Palestina haina bandari wala uwanja wa ndege unaofanya kazi, kwa hiyo mzigo wa mfanyabiashara wa Nablus hushuka Ashdod au Haifa, bandari za Israeli, au huingia kutoka Jordan kwa daraja la Allenby, na kote huko afisa wa forodha ni wa Israeli. Viwango vya ushuru navyo ni vya Israeli, isipokuwa kwa orodha fupi ya bidhaa zenye ukomo wa kiasi. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya Palestina hairuhusiwi kushuka zaidi ya pointi 2 chini ya ile ya Israeli. Bei ya petroli kwa mnunuzi wa mwisho hairuhusiwi kuwa nafuu kwa zaidi ya 15%.

Israeli hukusanya ushuru wa forodha, kodi ya mafuta na VAT ya bidhaa ziendazo kwa Wapalestina, hukata 3% kama ada ya kazi hiyo, kisha kila mwezi pande mbili hupiga hesabu na kinachobaki hutumwa Ramallah. Fedha hizo ni karibu theluthi mbili ya mapato yote ya Mamlaka ya Palestina.

Kwenye VAT ndipo fedha nyingi hupotelea njiani. Tuseme mwenye duka Hebron amenunua bidhaa za shekeli 100,000 (shekeli ni sarafu ya Israeli) kutoka kiwanda cha Israeli. Kwa kiwango cha sasa cha 18%, shekeli 18,000 za VAT huingia kwanza hazina ya Israeli. Ili Mamlaka izidai, lazima mwenye duka apeleke ankara yake ofisi ya kodi ya Palestina, nayo iwasilishwe kwenye kikao cha kila mwezi. Akiificha ankara ili mauzo yake yasijulikane, zile 18,000 hazirudi. Ushuru wa forodha una tundu lake pia: hurejeshwa pale tu nyaraka za mzigo zinapotaja mpokeaji wa Palestina. Muagizaji wa Tel Aviv akileta kontena kwa jina lake kisha akaliuza Ramallah, ushuru wake unabaki Israeli. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mianya ya mfumo huu huigharimu Mamlaka dola milioni 285 kwa mwaka.

Linganisha na Mombasa. Mzigo wa Uganda ukishuka pale, chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki, kodi hulipwa moja kwa moja kwa mamlaka ya mapato ya Uganda kabla mzigo haujaondoka bandarini. Kenya haizishiki fedha hizo hata siku moja.

Kisha kuna makato. Halmashauri au kampuni ya umeme ya Palestina ikidaiwa na wauzaji wa umeme na maji wa Israeli, deni hukatwa kwenye fedha hizi, na Ramallah mara nyingi haipewi mchanganuo wa kuiwezesha kuhakiki. Mwaka 2018 bunge la Israeli lilipitisha sheria ya kukata kiasi sawa na malipo ya Mamlaka kwa familia za Wapalestina waliofungwa au kuuawa na Israeli. Israeli husema malipo hayo huchochea mashambulizi; Wapalestina huyaita msaada wa jamii. Mwaka 2019 Mamlaka ilikataa kupokea fedha zilizokatwa, ikaishi kwa mikopo ya benki za ndani kwa miezi.

Lakini linalonikera zaidi ni ratiba ya kuzuiwa kwa fedha hizi. UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliipokea Palestina Oktoba 2011. Fedha zikazuiwa Novemba. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoipa hadhi ya dola mtazamaji tarehe 29 Novemba 2012, zilizuiwa Desemba. Palestina ilipojiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, zilizuiwa kuanzia Januari 2015. Baraza Kuu lilipoomba maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwishoni mwa 2022, siku chache baadaye Israeli ilichukua shekeli milioni 139. Baada ya Oktoba 2023 iliamua kukata sehemu iliyokuwa ikienda Gaza, na kuanzia Mei 2025 ikasitisha utumaji wote kwa miezi mfululizo. Kwa hiyo kila hatua halali ya kudai haki ya kujitawala inalipiwa na mshahara wa mwalimu.

Upande wa Wapalestina nao una lawama yake. Uchaguzi wa mwisho wa bunge ulikuwa Januari 2006, na tangu mgawanyiko wa vyama vya Fatah na Hamas mwaka 2007 bajeti hupitishwa kwa amri ya rais, bila bunge la kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Marekebisho yanayowezekana hata kabla ya amani yanajulikana: ankara za kielektroniki zinazoonekana na pande zote mbili papo hapo, ada ya 3% ishushwe hadi gharama halisi, na mizigo ya Wapalestina ilipiwe kodi katika ghala la forodha lenye maafisa wao. Mawili ya kwanza ni ya kiufundi na yanaweza kuanza kesho. La tatu ndilo gumu, maana linaweka afisa wa Kipalestina kwenye mpaka, na hilo linahitaji ridhaa ya Israeli.